Jibini Tuliyoiwekea Idi

Baba,

Nilianza kwa shikamoo nikaifuta, maana sijui huko uliko watu huamkuliwa vipi. Lakini mkono umekataa kuendelea bila hiyo. Basi shikamoo, Baba. Ni mimi, Mwanasha.

Nakuandikia hapa hapa Jomvu Kuu, jikoni petu. Friji inanguruma vilevile. Ndani mna maji, nyanya, na maziwa ya chai ambayo huharibika kabla sijayamaliza, kwa kuwa bado sijajua kununua ya mtu mmoja. Mwanao Salim hunipigia kutoka Doha kila Ijumaa baada ya swala. Huniuliza kama nimekula. Nami humwambia nimekula. Kisha tunaagana upesi, maana yule aliyekuwa akitutafutia maneno ni wewe.

Juzi watoto wa chekechea waliniuliza, mwalimu, baba yako alikuwa akifanya kazi gani? Nikawaambia alikuwa mpishi katika meli za mizigo. Wakauliza alikuwa akikuletea nini. Nikawaimbisha wimbo.

Baba za wenzangu waliokuwa mabaharia walileta redio na vitambaa. Wewe ulileta jibini. Ulizifunga kwa kitambaa na magazeti, ukazipakia katikati ya mashati, na mashati yale Mama aliyaanika nje mpaka majirani wakauliza kuna nini. Mungu amrehemu, yeye aliziita soksi za baharia. Jikoni hakuzitaka. Kwa hiyo tukawa tunakula mimi na wewe kwenye baraza ya nyuma, Salim akichungulia mlangoni ameziba pua. Nilipokunja uso ulisema, "Onja kwanza, mwanangu. Kisha useme." Nami nilionja, na nikapenda, na nikaona vile ulivyofurahi. Sidhani umewahi kuwafurahia watu wa nyumba hii kama ulivyonifurahia mimi siku ile.

Kila kipande kilikuja na watu wake. Ulinieleza Wagiriki wanavyokula jibini nyeupe ya chumvi pamoja na tikiti maji, na nilidhani wanitania mpaka ulipolipasua tikiti. Ulisema Mturuki hanywi chai ya asubuhi bila jibini na zeituni, na kwamba wapakuzi wa Iskandaria huchutama kwenye kivuli cha makontena na mkate moto na nyanya, wakachovya wote sahani moja ya jibini. Wabrazili huila na jamu ngumu ya mapera. Wanorwe wana yao ya rangi ya sukari guru, tamu, hukwanguliwa nyembamba hata ukiinyanyua juani waona mwanga. Ile ya Waswisi ya kuyeyushwa sufuriani hukuionja, kwa kuwa huyeyushwa kwa mvinyo. Ulikaa nao tu ukala mkate mkavu, ukatazama wanavyocheka kila mtu mkate wake ukimponyoka. Hata nyingine ulikuwa huzigusi mpaka umeuliza maziwa yamegandishwa kwa kitu gani, kisije kikawa cha haramu. Na zile ulizoridhika nazo ulizila kwa mkate wa mofa na achari ya embe. "Hii ndiyo ya Jomvu," ulisema. "Hawajaijua bado."

Nilipoachika nikarudi kwako na sanduku moja, hukuniuliza kitu. Ulikata mkate, ukaweka kipande juu yake, ukanisogezea. "Kula, mwanangu. Maneno yana siku zake." Siku zile hazikuja, nawe hukuzidai. Sijui kama nilikushukuru. Nakushukuru sasa.

Unaikumbuka ile ya mwisho? Mwenzako Athumani, ambaye bado yuko melini, ndiye aliyekuletea. Ya maziwa ya kondoo, kutoka Ufaransa, yenye mishipa ya ukungu wa buluu. Ulikuwa umeshaanza kukonda, na chakula kilikushinda, lakini ile uliila nusu yake polepole, umefumba macho. Nusu iliyobaki uliifunga mwenyewe. "Hii tuiwekee Idi," ukasema.

Ukaondoka kabla ya Idi. Nilirudi kutoka kazini alasiri nikakuta umeshatawadha, umeegemea mto, na miguu yako bado mibichi. Nikakuita. Hujapata kukaa bila kuniitikia, Baba.

Baada ya arobaini wazee wakasema mwanamke hakai nyumba peke yake. Dada yako, Shangazi Rukia, akanichukua kwake Mishomoroni. Alinipokea vizuri, wallahi. Alinipa chumba, wajukuu wake wakanizunguka. Nilikwenda na nguo zangu na ile nusu ya jibini. Sikuwa na moyo wa kuila, wala wa kuiacha. Nikaiweka nyuma kabisa ya friji yake, ndani ya kibati.

Siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta friji imesafishwa. Kibati kimeoshwa, kimefudikizwa juu ya sinki.

"Mwanangu, kile kitu kilikuwa kimeshika ukungu," Shangazi akasema. "Nikaona kitadhuru watoto. Nimekitupa."

"Ukungu ndio wenyewe, Shangazi."

Akanitazama kama anayemsikiliza mtu akiweweseka. Nikamwambia ilikuwa ya Baba. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akajifunika mdomo kwa leso. Nilitoka nje kutazama jaani. Mkokoteni wa taka ulikuwa umeshapita.

Sikumgombeza. Ningemgombezea nini? Alikuwa akiwalinda wajukuu. Lakini nyumba ile yenye watu tele ilinielemea ghafla, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja niliyeweza kumwambia nimepoteza nini. Ningesema nini? Kwamba nalilia chakula kilichooza? Nikakusanya nguo nikarudi hapa Jomvu. Wazee wamenuna. Shangazi hakupiga simu, nami sikupiga.

Baba, hapa napo palikuwa kimya hata sauti yangu yenyewe ilinitisha nikimfukuza paka.

Kisha Jumamosi iliyopita, asubuhi, nikasikia hodi. Ni Shangazi, peke yake, jasho linamtoka, na kimfuko mkononi. Hakukaa sebuleni. Alikuja moja kwa moja jikoni akatoa kikopo cha duara cha karatasi, ndani mna zile pembetatu zilizofungwa karatasi ya fedha.

"Niliuliza dukani jibini ya kigeni," akasema. "Wakanipa hii. Sijui kama ndiyo."

Unajua hizo, Baba. Ulikuwa ukisema ni sabuni iliyosahau kutoa povu. Nikauma ulimi.

"Ndiyo, Shangazi. Ahsante."

Nikakata mkate. Akafungua moja, akaitia mdomoni yote kwa mkupuo kama anayemeza kwinini, macho ameyafumba. Akatafuna muda. Akameza.

"Hii ndiyo kaka yangu aliyokuwa akihangaika kuibeba huko baharini?"

"Ni ndugu yake hii."

"Basi nieleze zenyewe. Mimi dada yake hakunieleza kamwe. Alijua nitaziba pua."

Nikamweleza. Nilianza na Wagiriki na tikiti lao, nikaenda na Waturuki, nikafika kwa Waswisi na mkate uliomponyoka kila mtu, na hapo akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha kicheko kikageuka. Tulilia pamoja, Baba, kwa mara ya kwanza. Matangani tulikuwa na wageni wa kupikia.

Alipoondoka aliniambia, "Idi uje kwetu. Si kuhamia. Uje tu." Nikamjibu nitafikiri.

Sitakudanganya kwamba nimepona. Alipopinda kona tu, upweke uliingia tena, ukakaa. Shangazi ananipenda, lakini ile ladha haijui, na duniani kote sasa nimebaki nayo mimi. Pengine ndivyo ilivyo kufiwa na mtu kama wewe.

Lakini nakuambia wewe kabla yake: nitakwenda. Nitalala Mishomoroni Idi yote, nitawapikia wajukuu wake, nitakaa nao sinia moja. Baadaye nitarudi kulala nyumbani kwetu, na wazee nitawaambia mwenyewe, kwa adabu, kwamba hapa ndipo ninapokaa. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, Baba. Mola akupe wasaa na nuru huko uliko. Ijumaa nitakuja makaburini, nikae kidogo.

Mwanao,
Mwanasha