Visu Vilipotulia Laeken

Yaya, dada yangu mpendwa,

Ninakuandikia mbele ya watu kwa sababu tangu vita viingie Bukavu barua zangu hazijibiwi na simu haipiti. Labda mmoja wa wasomaji hawa atafika huko, akupe maneno yangu kwa mdomo.

Jumapili tulikuwa mtaa wa Laeken, huku ugenini, kwa Maman Feza, tukimenya viazi vya sherehe ya ubatizo. Binti yake akatusomea riwaya yako ya pili. Wamama walimenya huku wakitaniana. Alipofika pale mjane ananunua samaki wengi wa ndagala sokoni, halafu anakumbuka mlaji hayupo, visu vyote vilitulia.

Nikakuona tena kama zamani kule nyumbani, umekaa juu ya beseni lililopinduliwa, mimi nikikanyaga udongo wa matofali. Wakati ule ulitunga mashairi tu, ya harusi na ya matanga, na majirani walisema umeolewa na karatasi. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kila mstari ulinisomea kabla ya mtu mwingine. Kusifu ulinikataza.

"Fanya kazi yako," ulisema. "Mikono yako ikisimama, ile mustari itabakia."

Nikisimama ili kunyoosha mgongo, ulicheka: "Hapana, hapo umechoka tu. Ile haihesabike."

Hata riwaya yako ya kwanza ilipita kwenye udongo ule kabla ya kufika kwa mapadri wenye mtambo wa kuchapa. Kitabu kilipokuja, ulininusisha karatasi zake kwanza, ndipo ukawaonyesha wengine.

Sasa niko Forest, mtaa mwingine wa mji huu, katika kiwanda cha kufulia, ninakunja mashuka ya hoteli. Mashine inatema shuka, ninalipokea, inatema jingine. Hapa mikono haisimami na hakuna anayenisomea. Ninajisemea mistari yako ya zamani, lakini ninaijua yote. Haiwezi tena kunishtua.

Wakati tunaondoka, Maman Feza aliniuliza, "Alors, haya, papa, dada yako anaandika nini sasa?" Nilijibu kwamba anaandika. Nilishindwa kumwambia kwamba sijui kama uko hai.

Kama uko, Yaya, mpe yeyote anayekuja huku mstari mmoja tu. Hata mstari mbaya. Nitausoma mbele ya ile mashine, mikono isimame, mashuka yaanguke chini. Na usiseme nimechoka tu.

Mdogo wako,
yule wa matofali