Wanga Uliokauka Juu ya Mabati

Papa,

Kiwandani wameweka mtu mwingine kwenye jungu lako, anapika ule uji wa wanga wa muhogo wa kupaka nyuzi. Nyuzi bado zinakatika kwenye mashine. Yeye hawajamwita mwizi. Ni wewe tu uliyefukuzwa ukidaiwa kwamba unauza wanga wa kiwanda na kujaliza maji kwenye jungu, na jina hilo ukafa nalo.

Unanijua, mimi simwamini mtu. Nilimshuku Kabwe wa depo, mtunza magunia, kwa vile kwenye kilio chako alilia kutushinda sisi wenyewe. Nikamshuku na huyo mrithi wako. Nikapima magunia hapa kazini kwangu, labo ya kiwanda: uzito kamili, wanga mtupu. Shaka ikanizidi.

Ndipo nikapika wanga kidogo sana kwenye maji mengi, nikaupitisha katika kile kimrija cha kioo ulichokuwa ukikicheka, “Ile chupa yako ya dawa ya kikohozi!” Wanga wa kiangazi uliteremka polepole. Wa masika, kipimo kilekile, ulikimbia karibu kama maji. Molekuli za wanga ni minyororo, Papa. Ikiwa mirefu na mizito, hujitandaza majini na kuyachelewesha. Ikikatika vipande, mizani haioni tofauti, lakini uji unakuwa mwepesi na haushiki uzi. Hakuna aliyeiba. Minyororo ilikatwa.

Moto huikata. Nikaanza kunusa magunia kama mbwa, na yale ya masika yote yalinukia kuungua. Yote yametoka kwetu, ni wanga ambao Mama hukiuzia kiwanda. Mvua ikizidi, Mama hutandaza wanga mbichi juu ya mabati, chini anawasha kuni. “Jua haiko, munataka nifanye nini?”

Sasa nakushuku wewe. Siku waliyokufukuza uliingia jikoni, ukachota wanga kwenye bati, ukaunusa. Mama akauliza, “Kuko nini?” Ukamjibu, “Hakuna kitu. Uko muzuri.”

Ulijua! Ulikubali kuitwa mwizi na mji mzima, ili Mama asijue kwamba ni moto wake. Nimekukasirikia, Papa, nimekukasirikia mpaka nimelia.

Kesho nitamwonyesha Sitwayeni Mkurugenzi, “raia mwenzetu” kama wanavyotaka tumwite, wanga wote wawili katika kile kimrija. Nitamwambia ni moto wa masika, si wizi. Akiuliza moto wa nani, nitasema watu wengi hukausha hivyo, na si uongo. Mama nitamwambia tu kwamba kiwanda kinataka wanga wa jua. Jina lako nitalisafisha, nakuahidi. Pumzika sasa.

Mama huwaambia wageni kwamba hukumdanganya hata siku moja. Nitamwacha aamini hivyo.

Binti yako,
Feza