Mashine Inapimwa kwa Kuchezwa

Doha,
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana.

Kwa Odhis, mume wangu,

Nimeshika kalamu hii muda mrefu nikijiuliza mke aliyenuna huanza barua vipi, nikaona afadhali nianze kama mtu aliyelelewa. Hujambo? Goti la mama yako linaendeleaje, na bado anaikataa ile fimbo? Mvua imefika hapo kwetu Nyamasaria au mngali mnakula vumbi la barabara ya Nairobi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una maneno, na nimeyaandika kwa sababu kwenye simu wewe hujitetea kabla sijamaliza, na mimi hukata kabla hujamaliza. Anayekuletea bahasha hii ni Nafula, tunayelala naye chumba kimoja. Anakwenda likizo kwao Busia na amekubali kushuka Kisumu. Mpe chai, na umjibu vizuri akikuuliza maswali, kwa maana nimemtuma aulize.

Kazi ni ile ile ya dobi pale hotelini. Kutwa napiga pasi mashuka ya watu nisiowaona. Ile sugu ya bisibisi iliyokuwa kwenye kidole gumba changu, uliyokuwa ukiisugua kanisani mahubiri yakirefuka, imeisha. Nimeota nyingine pembeni yake, ya pasi. Sasa mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba fundi mwingine ameifungua kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake, atasikiaje? Nilisikia wivu, Odhis. Nasema wazi na sina haya. Najua mambo yenyewe unayajua, lakini sikiliza jinsi yalivyonifikia mimi huku.

Ulianza kwa kuniambia picha inapotea. Unacheza gemu ya mpira dakika ishirini hivi, feni inaanza kunguruma, kisha skrini inakuwa nyeusi na mtangazaji anaendelea kutangaza mechi usiyoiona. Nikakwambia umpigie Akinyi. Ndiyo, ni mimi niliyemtaja, usinikumbushe. Nilimwachia meza yangu ya ufundi pale mjini, na nilimpokea mwenyewe alipotoka kwao Maseno akishika bisibisi kama kijiko. Kama kuna mkono ninaoujua ni ule.

Akaja mara ya kwanza akabadilisha waya wa skrini. Mkapima. Akaja mara ya pili akachomoa kadi ya picha, akaisugua meno yake ya kuchomekea kwa raba ya shule, akairudisha. Mkapima. Akaja mara ya tatu na pesti mpya ya kupoza joto, ya kupaka juu ya prosesa. Mkapima tena. Huko kupima ndiko kulikoniua. Joto la kompyuta ya gemu huwezi kulijua kwa kuiwasha tu. Lazima uipe kazi, ucheze nusu saa au saa nzima, na gemu ya mpira inanoga watu wakiwa wawili. Hiyo ni sheria niliyomfundisha mimi. Na wewe unajua nilivyoitumia. Ulipoleta ile mashine yako ya zamani mezani kwangu mara ya kwanza kabisa, niliitengeneza kwa muda wa kunywa soda, kisha nikakwambia ni lazima tuipime. Tuliipima siku tatu, Odhis. Siku ya tatu uliondoka ukaisahau pale mezani. Sasa unaniambia msichana amekaa kwenye kiti changu, ameshika padi yangu ya kuchezea, anapima. Mimi nilikupata hivyo hivyo.

Mama naye akanimalizia. Nilimpigia nimjulie hali, akaniambia, "Nyathina, mwanangu, hiyo kompyuta iko na ugonjwa gani haiponi? Huyo msichana amekuja hapa mpaka mbwa amewacha kumbwekea."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Mimi sina maana. Mimi nauliza tu."

Mbwa yule humbwekea hata mchungaji. Humbwekea baba yangu, ambaye humletea mifupa. Nilikaa na hilo neno la mbwa siku mbili, na siku ya Jumatano ukanipigia mwenyewe ukiwa na furaha zako. Ukasema, "Wangari, huyu Akinyi ni hatari. Amenipiga nne bila, na alikuwa anaongea na simu." Ukacheka. "Ukirudi utapata amekushinda ufundi." Ukacheka tena. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za dobi, viatu vimelowa. Nikasema Akinyi asikanyage kwangu tena. Ukasema sawa, lakini kuna feni moja imekwisha na alikuwa arudi kuibadilisha. Nikasema ife, nikakata simu.

Umetii, nakupa hilo. Lakini tangu siku hiyo kompyuta imekaa ubavu wazi, na Ijumaa zangu zimekufa pamoja nayo. Ijumaa ndiyo mapumziko yangu. Tangu nije huku, kila Ijumaa naazima laptopu ya Nafula tunacheza, wewe sebuleni na mimi kitandani, mtandao ukikwama nakuita mwizi. Ni saa moja tu katika wiki ninayojisikia nina mume. Nikiikosa, siku sita zinazofuata ni pasi mpaka pasi. Usidhani nilipomfukuza Akinyi nilifurahi. Nilijifungia mlango mwenyewe.

Basi nikatafuta kosa lake. Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaambia wenzangu pale dobi, nikawasimulia yote. Nilikuwa na ushahidi. Fundi niliyemfundisha mimi huanza na hewa. Anaangalia inaingilia wapi na kutokea wapi, ndipo aguse kitu kingine. Mbona Akinyi alianza na waya? Nikasema anavuta kazi ili apate kurudi. Ndiyo maana jana nilikwambia uniwekee simu mbele ya kompyuta na ubandue kile kifuniko cha mbele. Nilitaka uone kwa macho yako vumbi aliloliacha, halafu tuone kama utacheka.

Palikuwa pasafi. Nikakwambia mtandao umekwama, nikakata simu. Haukuwa mtandao. Pale nyuma ya kifuniko palipaswa kuwa na stokingi yangu.

Unakumbuka wiki niliyokuwa nafunga sanduku, wale wadudu wa ziwani walivyokuja? Walitanda kama moshi, wakaingia dirishani kufuata zile taa za rangi za kompyuta, Mama akawa anawafagia kwa kikapu. Niliogopa wataijaza nikiwa sipo. Nikakata stokingi yangu nyeusi ya kanisani, nikaikunja mara mbili, nikaibandika kwa tepu mahali hewa inapoingilia. Sikukwambia, kwa sababu ni kitu ambacho nikimkuta mteja amekifanya namkemea mbele ya watu. Nilipanga kuitoa wakipungua. Keshokutwa yake nikapanda ndege, na mwaka na nusu umepita sijaikumbuka hata siku moja.

Nikampigia Akinyi. Mara ya kwanza tangu nimfukuze. Aliniamkia kama kawaida, nikamuuliza bila kuzunguka ni nani aliyeitoa.

"Ni mimi, madam. Hiyo siku ya tatu. Ilikuwa imeshikana na wadudu mpaka imekuwa kama mkeka. Hewa haikuwa inapita hata kidogo. Nilipoitoa tu, picha haikupotea tena."

Nikamuuliza kwa nini hakuangalia hapo siku ya kwanza, kama nilivyomfundisha.

Akanirudishia swali. "Si wewe ndio ulifunga hiyo mashine? Sikufikiria kosa inaweza kuwa kwa kitu umefunga wewe. Nilitafuta kila mahali kwanza."

"Na Odhis ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni vumbi, hiyo stokingi nikaiweka kwa mkoba yangu. Sasa ningemwambia ni mwalimu wangu?"

Siku zote hizo nilikuwa nimemwita mwizi wa waume mbele ya dobi nzima, naye alikuwa ameitia stokingi yangu kwenye mkoba wake ili nisichekwe ndani ya nyumba yangu. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hawakusema mganga humtukana anayemganga. Kwa hiyo nakwambia mimi, kwa mkono wangu, kabla hujaisikia kwingine: kompyuta yako iliugua kwa sababu yangu. Wale wadudu niliwafungia mlango, nikaifungia na hewa. Cheka sasa, umalize kabisa, halafu ukunje barua uendelee na mengine.

Usidhani nimepona wivu. Umehama tu. Zamani niliona wivu kwa sababu yako, sasa namwonea Akinyi mwenyewe. Namwonea ile meza, na mkono wake, na kwamba Jumatatu asubuhi atafungua mashine ya mtu na mimi nitawasha pasi. Na zile nne bila, hizo bado zinaniuma. Mimi sijawahi kukufunga zaidi ya tatu.

Mwite arudi aweke hiyo feni na kufunga ubavu. Wadudu wakija, zima zile taa za rangi na ufunge dirisha, na kila mwisho wa mwezi usafishe kile kifuniko kwa brashi kavu. Usiweke kitambaa chochote, hata nikikuomba. Kuhusu kupima, sheria ni sheria, lazima aipime. Lakini akipima, padi ya pili ashike Mama. Najua hajui kucheza, na ndiyo sababu nimemchagua. Wewe keti kando ukiwahesabia mabao. Kipimo cha mwisho ni changu. Nafula akiondoka laptopu ananiachia, kwa hiyo Ijumaa uwe umeoga na umekaa sebuleni.

Msalimie sana Mama, mkwe wangu asiye na maana yoyote ila kuuliza tu, na umwambie ninamshukuru kwa kuuliza. Msalimie baba yangu pale kwenye mitumba yake, umwambie binti yake anakula vizuri. Shemeji yako Kamau, dereva wa wakubwa wa Milimani, mwambie apitie hapo nyumbani mara kwa mara, bila kutoa taarifa. Msalimie na mbwa, na umkumbushe kazi yake.

Nafula ana kifurushi pia. Mafuta ya kuchua ni ya goti la Mama, shati ni lako. Chini kabisa, kwenye gazeti, kuna bisibisi yangu ya mpini wa njano, ile yenye sumaku. Niliibeba nikidhani huku nitapata kazi ya ufundi, na haijawahi kutoka sandukuni. Mpe Akinyi. Usiongeze maneno yako, ukianza kushukuru watu huwa humalizi. Mwambie mwalimu wake amesema kosa lilikuwa lake. Kisha mwambie, na useme ukimtazama usoni, kwamba nimempa bisibisi tu.

Mkeo, na bado ni mimi,
Wangari