Mianzi ya Dirishani

Darsait, Muscat
2 Februari 2025

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Magoti je, yamepoa na ile dawa? Sisi wazima, ila Baba na kikohozi chake.

Bibi, kuna jambo nashindwa kumwambia mtu kwa mdomo. Skuli tulipewa kazi ya kunakili michoro ya wino ya Kichina, mianzi. Mwalimu Sayyida alisema tuige mwendo wa brashi, penseli marufuku. Mimi nikabandika picha kwenye kioo cha dirisha, karatasi juu yake, nikafuatisha kwa penseli, kisha nikapitisha wino. Basi mchoro wangu ndio umekuwa wa kwanza! Utatundikwa kwenye maonyesho ya wazazi tarehe ishirini. Wote wananipongeza, na mimi naona madoa tu, kila mahali brashi iliposita. Ninyamaze?

Mjukuu wako,
Ruba

Unguja
10 Februari 2025

Ruba wangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, ulimi ndio mzima, kwa hiyo nisikilize. Miaka arubaini nnawachora maharusi maua ya piko kwa kijiti. Bi harusi kanyoosha mguu, mashangazi wamenizunguka na midomo yao, penseli hakuna, kufuta hakuna. Kijiti hakiendeshwi na vidole, mama. Mkono utoke begani, uende mara moja. Ukikosea, kosa lifanye jani, endelea. Jaribu kwenye magazeti mpaka woga ukutoke. Halafu huo wa dirishani ukautoe mwenyewe. Usinitie aibu kwa kunyamaza!

Bibi yako,
Mahfudha

Darsait
21 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Magazeti ya Baba yote nimeyamaliza.

Jana wazazi wanaingia, nikauteremsha ule mchoro wa dirishani. Mwalimu Sayyida akanidaka mkono: "Ruba, umeingiwa na nini? Mudira wa skuli yuko mlangoni!"

Nikasema, kwa hiyo sauti yangu ya mbu, "Nilifuatisha kwa penseli, abla."

Baba akakohoa. "Mwacheni amalize."

Nikatandika karatasi mpya mezani, nikachovya brashi kwenye wino. Bua la kwanza likaenda kombo. La pili likavuja, Khulood wa darasa letu akacheka: "Mwanzi huo au mguu wa ngamia?" Sikufuta, nikaupa majani. La tatu, Bibi, lilitoka begani likapanda bila kusita.

Alama zote nimenyang'anywa, zawadi ya kwanza kapewa Khulood. Sawa. Nikaenda kwenye msumari uleule, nikautundika huu wangu mpya, bado mbichi, wino unachuruzika ukutani. Mwalimu akaniambia niushushe.

Wakitaka, wauteremshe wao. Mimi siutoi.

Mjukuu wako,
Ruba