Mbuzi Wamehama, Nasari Imeingia

Jumanne, Januari 1998

Hawa mbuzi wangu hawana adabu! Mafuriko yaliangusha nasari, shule ya watoto wadogo, kwa hivyo leo watoto wameanza kusomea ndani ya banda la mbuzi, lile nililofagia mimi mwenyewe mpaka likang'aa. Kutoka hapa hadi mji wa Wote, nani angeweza kufagia hivyo? Watoto wakiwa katikati ya kuimba, beberu akaingia na jamaa zake wote.

"Muthoka, hawa nao wamekuja kujiandikisha?" Mwalimu Kalekye akaniuliza.

"Waandikishe tu, Mwalimu. Mimi niliishia darasa la nne, hao watanipita."

Baba hakucheka. Alisema fisi akila hata mbuzi mmoja huko nje, watoto watatoka na mbuzi watarudi bandani. Basi masomo ya dadangu mdogo Mwende yatakuwa yamekwisha, maana nasari nyingine iko ng'ambo ya mto, nao bado umejaa.

Alasiri yote nimekata miiba nikawajengea mbuzi boma huko nje. Mikono imechanika. Fisi namwogopa, nakubali, lakini nalisema hapa kwenye karatasi tu.

Nimetandika gunia langu katikati ya mbuzi, rungu liko kando. Huyo fisi aje. Ataanza na mimi.