Irembo la Parke ya Muzee Salvator

Bujumbura, Bwiza

Yaya Feza, dada yangu mukubwa,

Toa sufuria motoni kwanza, halafu ukae. Nakujua, we unasomaga barua umesimama, mwiko mukononi, ugali unaungua, na lawama yote inakuja kwangu huku ng'ambo. Umekaa? Haya, pokea salamu nyingi. Mugongo wako unasemaje siku hizi? Na shemeki, mume wako, kile kikohozi kimemuachia ama bado anakataa dawa kama mutoto? Wapwa zangu wanasoma? Mi niko muzima, namushukuru Mungu. Kazi ya mikate inaendelea, joto la tanuri linanikausha sawa ndagala, dagaa wa juani, lakini nakula, navaa, na Jumapili naimba sauti ya chini kwenye kwaya ya paroasi, parokia yetu.

Najua ulichosikia kwa simu. Ulinisikia nasema "nimefata irembo", ukapiga kelele, mutandao ukakatika, na tangu siku ile kila nikipiga ni baba mudogo anapokea na kuniuliza kama nimelewa. Sijalewa. Ndiyo maana naandika, juu kwa simu mungenikatiza kila neno. Soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Irembo ni Kirundi, maana yake ni lango la kuingilia kwa mutu. Na kufata irembo ni desturi yao: kabla ya kuposa, ukoo wa kijana unatuma wazee na kinywaji waende kwa ukoo wa binti, waseme tumekuja kushika lango hili. Likishikwa, mwengine hapiti tena. Sasa, mi nililishika peke yangu, bila muzee hata mumoja, bila hata chupa ya maji, macho yangu yakiwa kwenye kioo cha ordinateri, yaani kompyuta.

Yule binti wa kwaya niliyekuambia, Consolate, anayeuza dawa kwenye farmasi, baba yake ni Muzee Salvator wa Ngagara. Alifanya kazi ya serikali maisha yake yote, mambo ya barabara na mifereji, sasa ni pensioné, amestaafu. Consolate alinionya mapema. "Baba amekwisha kufukuza wawili," alisema. "Mumoja juu alikaa kabla ya kuambiwa akae. Mwengine juu alisema 'sisi' haraka, kama nimekwisha kuwa wake. Na weye ni Mukongomani tena! Kuja kama mutu wa kwaya. Leta mikate, musalimie, rudi kwako. Neno la ndoa lisikutoke."

Nikaenda, shati imepigwa pasi, mikate kwapani. Nilimukuta Muzee amenipa mugongo, anatazama ordinateri aliyotumiwa na kijana wake aliye Canada. Nikasalimia. Hakugeuka.

"Unajua kusoma Kifaransa?" aliniuliza.

"Ndiyo, Muzee."

"Basi kaa hapa. Nisomee huyu mwenye kofia anasema nini. Miwani yangu imevunjika."

Yaya, ni muchezo. Unapewa kiwanja kitupu, unajenga parke ya kufurahisha watu: farasi wa kuzunguka, gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, treni inayowapindua miguu juu kichwa chini. Halafu watu wadogo wanaingia, wengi, kila mumoja na roho yake. Ukimugusa na kipanya cha ordinateri anakuambia yaliyo moyoni. Ana njaa. Treni imemutisha. Weye ndiye meya, ndiye fundi, ndiye mupishi.

"Anasema choo kiko mbali, Muzee."

"Mbali? Kwa nini hakwenda kwake kabla ya kutoka?"

Nilimuambia kwa heshima kwamba parke yake haina choo hata kimoja. Akakagua parke yote. Mifereji alikuwa amechimba kila upande, iliyonyooka, mizuri kabisa, lakini choo hakuna. Tukajenga cha kwanza siku ile, na alinishika bega. Mi nikafikiri, haya, nimekubaliwa. Wapi! Alinishika bega juu alitaka nisogee, nilimuzibia kioo cha ordinateri.

Tangu hapo nikawa naenda kila Jumapili baada ya misa. Yeye anashika kipanya, mi nasoma malalamiko na kubonyeza vitufe. Siku moja mugeni mumoja wa parke akasema anataka kurudi nyumbani. Muzee alichukia kweli kweli.

"Arudi? Amekula?"

"Hajala, Muzee."

"Basi asitoke! Mutu atatokaje kwangu na njaa?"

Akajenga kibanda cha chakula katikati ya njia ya kutokea, kila apitaye ale kwanza. Na mi, ulivyonilea weye, niliona ana haki. Tatizo ni kwamba wakishakula walikuwa wanarudi kwenye ile treni ya kupindua, na Yaya, yaliyofuata sikuandikii, labda unakula. Tulilazimika kuajiri wafagiaji. Mumoja Muzee alimupa jina la kaka yake mukubwa, Gaspard, na kila akimuona amesimama anamufokea: "Gaspard, fanya kazi, muvivu weye!" Mama Consolate anaitikia kutoka jikoni: "Muache Gaspard wa watu! Na huyo mugeni wako aliye hai umemupa hata maji?"

Hajanipa maji. Hajaniuliza naitwa nani. Miezi ikapita, ananiita "we wa mikate". Iliniuma, Yaya, sitakuficha. Consolate naye akaanza kununa. "Baba anajua majina ya wafagiaji wote," alisema, "lako hajui." Halafu akanipa habari iliyoninyima usingizi: kuna watu wa Kiriri, wale wa juu kwenye mulima, wenye majumba na magari, wanamutaka kwa kijana wao. Wamekwisha kuongea na baba mukubwa Gaspard, yule wa kweli, na Jumapili atakuja kuleta maneno yao kwa mudogo wake. Nikamuuliza atasema nini. Akasema yeye jibu lake analo, lakini hakuna mutu wa kumupelekea, juu mi sijatuma mutu yeyote. Alilia kidogo. Nikarudi kwangu najiona mujinga.

Jumapili ikafika. Naingia, namukuta Muzee anatoka jasho. Asubuhi ile, kazi yake ya zamani ilikuwa imemupanda kichwani: aliona barabara ya parke ni nyembamba, akaibomoa yote, ile moja tu inayotoka irembo mpaka ndani, ili aipanue. Hajaacha hata njia ya pembeni! Walio nje wanasukumana irembo, walio ndani hawawezi kutoka, nyuso zote zimekuwa nyekundu. Irembo, ndivyo alivyoliita lango la parke, na mi mudomo wangu ulikuwa umezoea hivyo hivyo.

"Kuja haraka!" anapiga kelele. "Watanichomea kila kitu!"

Nikarukia kiti changu. Nyuma yetu baba mukubwa Gaspard akaingia, muzee wa koti na fimbo, akakaa, akakohoa. Muzee Salvator hakugeuka hata kwa kaka yake. Gaspard akaanza tu: "Salvator, nimekuja na maneno ya maana. Kuna familia moja ya Kiriri, watu wazuri..."

Yaya, naapa, masikio yangu hayakuwa mule. Kitufe cha kufunga lango kilikuwa chini ya kiwiko cha Muzee, na wageni wapya walikuwa wanazidi kumiminika. Nikasimama, nikapaza sauti, ile sauti yangu ya kwaya:

"Muzee, niachie! Mi nifate irembo!"

Nilimaanisha la parke, nikalifunge. Gaspard alichoona ni mugongo wangu tu, kioo hakioni. Alichosikia ni kijana asiyemujua, amesimama katikati ya nyumba ya watu, anamukatiza, anajiombea irembo mwenyewe.

"Salvator! Unamusikia huyu?"

"Namusikia!" Muzee akajibu, macho kwenye barabara yake. "Fata, kijana, fata haraka, kabla wengine hawajaingia!"

"Umemupa?"

"Nimemupa! Nitamupa nani mwengine? Ni yeye tu anaweza hii kazi!"

Hapo Mama Consolate alitoka jikoni na vigelegele, mikono yote unga. Consolate alikuwa mulangoni na sinia ya Fanta, glasi zikaenda chini zote. Ngagara nyumba zimebanana, jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza nani anaolewa. Na mi, mujinga wako, nilikuwa bado nabonyeza. Nilifunga lango, Muzee akamaliza barabara, wageni wakatulia. Akapangusa jasho, akageuka anacheka: "Tumeiponya!"

Akatukuta wote tumesimama. Muke wake analia na kucheka pamoja. Kaka yake ameinua fimbo.

"Umetoa mutoto," Gaspard akamuambia. "Mbele yangu. Kwa mutu wa mikate. Watu wa Kiriri nitawaambia nini?"

Muzee akaangalia kioo, akaangalia Consolate, akaniangalia mi. Taratibu nikaona inamuingia.

"We kijana. Ulisema irembo gani?"

Ningejibu nini, Yaya? Nikisema la ordinateri, nimemukana Consolate mbele ya mama yake. Nikisema la nyumba, nimedanganya, na zaidi nimekuwa mutu asiye na kwao, anayejiposea kama mwizi. Consolate alikuwa anatazama vipande vya glasi, hakunisaidia hata kwa jicho. Nikaona basi, liwe liwalo.

"Muzee, mudomo ulisema la parke. Lakini nilitakalo ni hili la kwako. Namupenda Consolate. Nilitaka nije na watu wangu kama inavyofaa, lakini wako mbali, na niliogopa kufukuzwa."

Muzee akaweka kipanya pembeni.  Halafu akaniuliza: "Jina lako nani?"

Unaona mutu huyu! Tumejenga muji muzima pamoja, ndiyo kwanza ananiuliza jina!

"Kabwe, Muzee."

"Kabwe. Nimesema nimekupa, na kaka yangu amesikia, na jirani yule pale juu ya ukuta amesikia, kesho kartie nzima, mutaa wote, itajua. Siwezi kulimeza neno. Lakini irembo halifatwi na mutu mumoja. Leta watu wako. Nani alikulea?"

Nikamuambia baba na mama walikufa nikiwa mudogo, alinilea yaya wangu, dada yangu mukubwa, Feza, wa Kalemie.

"Basi huyo akuje. Mwanaume wa kuongea mutamutafuta, wanaume wa kuongea hawakosekani. Mi nataka kuona huyo mama, nimuulize weye ni mutu wa namna gani. Kwa ordinateri mutu haonekani vizuri."

Gaspard alipiga fimbo chini, akasema sawa, lakini atawazuia watu wa Kiriri mpaka Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka tu. Siku ile watu wangu wasipoonekana, mi ni kijana aliyepiga kelele kwenye sebule ya watu, basi, na lango liko wazi. Consolate alinisindikiza mpaka barabarani. Alinishika mukono mbele ya kila mutu.

Barua hii inavuka ziwa na ndugu wa mama mumoja wa kwaya. Musalimie sana shemeki, umuambie anywe dawa. Musalimie baba mudogo, mushona nguo, ashone suti yake mwenyewe safari hii, yeye ndiye atakayeongea, na akumbuke kwamba Warundi wanazunguka sana kwa maneno, asiseme jambo moja kwa moja kama anauza shati. Wapwa zangu wote uwabusu, na tantine, yule mama jirani yako anayeuza makaa, umuambie bado nakumbuka maharage yake.

Na weye, Yaya. Najua unaliogopa ziwa. Najua pia ulisema Bujumbura imekunyang'anya mudogo wako, na sasa nakuomba upande bato, uvuke maji, uje kuwaomba watu wa Bujumbura wamuchukue kabisa. Ni maneno magumu, nayajua. Lakini siku ile tutasimama mbele ya nyumba ya watu, na kwa desturi yao watauliza kijana huyu ni wa nani. Mi sina ruhusa ya kujibu. Kuja, Yaya, useme ni wako.

Kabwe