FN ya Sokulu

Butembo, 9 mars 1999

Kasika mwana wangu,

Nakusalimia mingi. Batoto beko sawa? Homa ya bwana yako iliisha? Miye niko muzima, mugongo tu njo inanisumbua.

Tangu basoda ba jeshi babebe moto zote za hapa, kila pikipiki, garage yetu imefungwa. Donc nafikiri juu ya FN ya sokulu yako, ile moto baba yangu alinunuaka kwa Mubeleji mu 1956. Iko bado vipande-vipande chini ya magunia ya kahawa, kwako Beni, mu Mulekera? Basi uifufue. Kazi nilikufundisha. Natuma karbirateri na Phinées, shofere ya kamyo.

Lakini sikiliza! Kwa bariere banafungua barua. Barua hii Phinées ataificha mu soksi, mais hatapona kila mara. Ukinijibu, hapana andika neno moto. Andika FN tu. Nani kati yao anajua?

Tata yako, Eliezer

Beni, 2 avril 1999

Tata mupenzi,

Jambo mingi. Bwana yangu amepona, batoto banakusalimia. Na mugongo, je?

FN imekamilika! Nilipangusa kutu wiki mbili, nikatia mafuta, nikakaza visi zote. Jana niliijaribu nyuma ya nyumba: pa! pa! pa! Majirani bakakimbilia mu mihogo. Tata, iko na nguvu! Uniambie siku, nikuletee.

Binti yako

Butembo, mu kachot, gereza ya kambi ya basoda, 20 avril

Mwana wangu,

Salamu. Afya usiulize, mbavu zinauma. Weye ulinitii, mujinga ni miye. Kwa bariere bamepata barua yako mu soksi ya Phinées, komanda akaisoma: FN, mafuta, pa pa pa, majirani banakimbia. Kwa soda, FN ni bunduki! Hata batoto banajua ile, na miye nilisahau.

Bamechimba shamba yangu yote. Bameandika PV, karatasi ya mashitaka: «Eliezer anaficha bunduki ya FN.» Nikisema ni moto, bataibeba. Basi nimefunga kinywa. Ile moto hapana mwizi atatembea nayo sokoni, hapana kabisa! Bahati, hukuandika jina yako. Hii barua inapita kwa siri, hapana kwa bariere. Usikuje.

Tata

Mulangoni ya kambi, 27 avril, saa sita

Tata,

Salamu. Leo nimekataa kukutii. Niko hapa inje, juu ya FN. Nimetoka nayo Beni asubuhi. Kwa bariere banafungua haraka, banazani ni ya mukubwa fulani. Soko nzima imenifuata.

Komanda ametoka. «Bunduki iko wapi?» Nikamujibu, «Unaiona, iko na magurudumu mbili.» Bamama banacheka mupaka banashika tumbo!

Sasa haya imemukamata. Anasema utoke, mais kwanza usaini karatasi ya kuachia jeshi FN. Tata, nitalia, lakini saini. Moto iende, weye urudie nyumbani. Barua hii iko chini ya bugali.

Kasika, binti yako

Nyuma ya karatasi ile ile

Mwana wangu,

Salamu, na aksanti ya bugali.

Nimesoma karatasi yao mara mbili. Beenyewe bameandika, na stempu juu: «Eliezer anaachia jeshi bunduki yake ya FN.» Bunduki! Komanda hataki kubadilisha neno, juu itaonekana PV yake ilikuwa ya bongo, uongo mutupu. Basi nimesaini na roho yote, bashahidi banaangalia. Bunduki zangu zote babebe, moto habakuiandika.

Usizime moteri. Nakuja.

Tata